Kabla ya Rangi, Leteni Futi Kamba

Tangu Desemba 2022, uliposainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506 ukijumlisha njia za kupishania, mazungumzo ya vijiweni katika miji hii miwili yamegawanyika. Wapo wanaosema stesheni za Mjerumani siku zake zimehesabika: treni mpya itakuwa na stesheni zake mpya, na majengo ya zamani yatakaa kama ganda la konokono mpaka siku atakapopatikana mtu wa kuyasukuma chini. Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba reli mpya ndiyo neema, kwa sababu stesheni za zamani sasa zitapakwa rangi, zitageuzwa makumbusho au hoteli, na watalii watashuka kwa mamia kuja kuziona. Kundi la kwanza lina huzuni na la pili lina furaha, lakini yote mawili yanaitazama reli kana kwamba ndiyo itakayoamua.

Mimi naona reli haiamui lolote hapa. Jengo la zamani katika Tabora au Kigoma linakufa kwa njia mbili. Linakufa kwa kuachwa, maji yakiingia darini mwaka baada ya mwaka, na linakufa kwa kukarabatiwa na watu wenye nia njema wasiojua limejengwaje. Njia zote mbili zinatokana na upungufu mmoja: majengo haya hatujayapima. Hatuna michoro yake inayoaminika, hatuna orodha kamili ya mtaa kwa mtaa, hatujui ufa upi unatembea na upi ulisimama tangu wakati wa babu zetu. Jengo lisilo na mchoro hata wakili wake hana karatasi ya kushika mbele ya kikao. Kwa hiyo naomba, kabla ya rangi, kabla ya mfadhili, kabla ya jiwe la msingi la makumbusho yoyote, tuanze na futi kamba.

Tukumbushane kwanza tunazungumzia nini. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Stesheni ya Kigoma, na matao yake yanayoonekana ukiwa unashuka kutoka mjini, ni ya kipindi hicho. Miaka miwili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma, kisha Tabora, Septemba 19, 1916. Hawakuondoka moja kwa moja: kwa mkataba wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji walipewa eneo lao katika bandari ya Kigoma, lile ambalo wazee bado wanaliita Belbase, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Kwa hiyo jengo moja la bandarini au la reli Kigoma linaweza kuwa na ukuta wa Mjerumani, nyongeza ya Mbelgiji, dirisha la Mwingereza, na mlango uliowekwa na shirika letu wenyewe baada ya Uhuru. Ukikwangua rangi polepole kwa kisu chembamba, tabaka kwa tabaka, unayasoma mambo hayo kama unavyohesabu miaka kwenye kisiki cha mti. Ukipiga msasa wa mashine na kupaka rangi mpya kwa siku tatu, umechoma nyaraka ambayo hukuisoma.

Tabora ina hazina ya namna nyingine, na hapa ndipo napenda msomaji akae nami kidogo. Kabla ya jiwe na vigae vya Mjerumani, Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi unaoizunguka Tabora, ilijengwa kwa udongo. Tembe ni nyumba ya kuta nene za udongo na paa bapa, miti imelazwa juu, fito zikafuata, kisha udongo ukashindiliwa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya wakati huo, Novemba 1857 wakakuta wafanyabiashara wa pwani wanaishi katika matembe yenye ua wa ndani. Livingstone alikaa Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kuanzia Februari hadi Agosti 1872, Stanley akiwa naye mpaka Machi alipoondoka kurudi pwani. Nyumba tunayowaonyesha wageni pale leo ilijengwa upya wakati wa Mwingereza, na jambo hilo halina aibu, kwa sababu tembe kwa asili yake ni nyumba ya kurudiwa. Paa lake linataka kushindiliwa upya kila kiangazi kabla mvua za Novemba hazijaanza, ukuta unataka kupakwa udongo, mchwa wanataka kufuatiliwa. Nyumba ya udongo iliyokosa mwenyewe kwa masika matatu inarudi kuwa kichuguu. Ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyewasha baruti ndani yake Januari 1893 Wajerumani walipokuwa wameshaingia, ilikuwa kubwa kuliko nyumba yoyote iliyobaki Tabora ya zama zile. Leo hakuna ukuta wake ambao mtu angeweza kuuegemea.

Sasa tazama sheria inasemaje. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye linapata ulinzi huo pale tu Waziri atakapolitangaza katika Gazeti la Serikali. Mwaka ule ulichaguliwa ukiwa takriban miaka 100 nyuma ya sheria yenyewe, na kwa mji wa pwani wenye misikiti na makaburi ya mawe ya karne nyingi hesabu hiyo ina mantiki. Kwa bara ni msiba. Karibu kila kilichojengwa Unyanyembe na Ujiji, mji mkongwe ulio jirani na Kigoma, kabla ya 1863 kilikuwa cha udongo na miti, na karibu kila kinachosimama leo kilijengwa baada ya Wajerumani kuingia. Sheria inakilinda kwa uhakika kile ambacho mvua imeshakichukua, na kile kilichobaki inakiacha kingoje tangazo. Na tangazo haliandikwi hewani. Linataka jengo litambuliwe liko wapi, mipaka yake ni ipi, umri wake unathibitishwa na nini. Yaani linataka upimaji. Bila upimaji hata Waziri mwenye moyo wa kusaidia hana cha kutia saini.

Kuna kifungu kimoja katika sheria hiyo hiyo ambacho watu wa Ujiji wangepaswa kukijua kama wanavyojua bei ya dagaa. Milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 ni vitu vilivyolindwa. Havihitaji tangazo la nyumba nzima. Kwa hiyo nyumba ya urithi katika mtaa wa Ujiji inaweza kukosa ulinzi huku mlango wake ukiwa nao. Ndiyo maana nashangaa tunapolumbana kuhusu stesheni peke yake. Stesheni ni kubwa, ina mwenyewe anayejulikana, na siku itakapoguswa kelele zitapigwa. Mlango wa nyumba ya mjane hauna wa kuupigia kelele. Unang'olewa asubuhi, unawekwa wa chuma wenye maua, na jioni mtaa umeshazoea.

Lipo pia neno la UNESCO, ambalo limeleta kutoelewana kwa muda mrefu. Mwaka 2006 Tanzania iliingiza Njia Kuu ya Kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Maeneo yaliyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Wengi wetu tumekuwa tukisema kwa fahari kwamba Kwihara na Ujiji “ziko UNESCO”. Orodha ya awali ni nchi kuitaarifu dunia kwamba inakusudia kupeleka maombi. Haizuii tingatinga wala haileti mfuko wa chokaa. Ili maombi yenyewe yaandikwe, moja ya mambo ya kwanza yanayodaiwa ni ramani zenye mipaka ya eneo linalolindwa na eneo la kinga linalolizunguka, pamoja na maelezo ya hali ya majengo. Miaka imepita tangu 2006, na kila masika inapunguza kitu cha kuandika katika maombi hayo.

Nigeukie hoja za wanaopinga, kwa sababu baadhi yake ni nzito. Ya kwanza ni ya wenye nyumba. Mtu aliyerithi nyumba kongwe Ujiji au Tabora mjini, ndugu saba wakiwa na haki ndani yake, anaona kiwanja chake kiko mahali ambapo fremu za maduka zingemlipa kila mwezi. Ukimwambia nyumba yake ni urithi wa taifa, anasikia kwamba taifa limepata urithi na yeye amepata marufuku. Halafu anamwona kijana ana futi kamba na karatasi ukutani pake. Katika nchi hii mtu akipima nyumba yako bila wewe kumwita, jambo la kwanza linalokujia ni alama ya X nyekundu ya kubomolewa. Hofu hiyo haikuzuka bure, na mtu anayetaka majengo haya yabaki asiidharau. Jibu langu ni kwamba upimaji ninaouzungumzia lazima uanze na mwenye nyumba sebuleni: aelezwe, akubali, na mchoro ukikamilika nakala ya kwanza iwe yake. Mchoro huo una faida kwake hata kama hatapenda kuhifadhi chochote, maana unamsaidia katika mirathi, katika hati, na katika kujua wapi pa kuweka tangi la maji bila kuangusha ukuta. Kuhusu motisha, watu hupendekeza asamehewe kodi ya jengo. Sina tatizo na hilo, lakini kodi hiyo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU na kwa nyumba ya kawaida ni fedha ndogo. Msaada wa kweli ni fundi anayejua udongo na chokaa, na vifaa kwa bei anayoimudu.

Hoja ya pili inasema majengo haya ni ya wakoloni, na Kwihara na Ujiji ni vituo vya biashara ya watumwa, kwa hiyo kuyatunza ni kuwatukuza waliotutesa. Naiheshimu hoja hii kwa kuwa inatoka kwenye maumivu. Lakini inafuta watu wale wale inaodhani inawatetea. Mawe ya stesheni yalibebwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Waha na wengine. Mataruma ya reli yalilazwa na mikono yao. Majina yao hayapo kwenye bamba lolote la shaba, na alama waliyoiacha ni kazi yenyewe: namna jiwe lilivyochongwa, alama ya kidole kwenye tofali la kuchoma, fundo la kamba lililobaki kwenye boriti. Mpimaji mzuri huandika vitu hivyo. Nguvu ya hoja hii, kwa maoni yangu, iko kwingine: inatukumbusha kwamba orodha ya majengo ya kihistoria ikianza na kuishia kwa Mjerumani, orodha hiyo ni mbovu. Lazima iingize nyumba za watemi, nyumba za Waswahili wa Ujiji, misikiti ya mitaani, mabweni ya Shule ya Wavulana Tabora alikolala Nyerere kuanzia 1937, na nyumba za wafanyakazi wa reli ambazo hakuna mtalii anayezipiga picha.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi kutoka kwa watu waliosoma. Wanasema: likianguka tutalijenga vile vile, teknolojia ipo, picha zipo kwenye simu. Picha haina kipimo. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama barabarani inakuonyesha uso wa jengo, haikuambii unene wa ukuta, kina cha msingi, mwinuko wa sakafu, wala boriti zimeingia ukutani kwa kiasi gani. Chumba cha zamani hakina pembe mraba. Ukipima urefu na upana ukaacha ulalo, yaani kona hadi kona, utachora mstatili safi ambao haujawahi kuwepo duniani, na siku ya kujenga upya paa litagoma kukaa. Kwihara yenyewe ni ushahidi. Pale tuna nyumba iliyojengwa upya, na mgeni akiuliza kipi ndani yake ni cha 1872 na kipi ni cha mafundi wa baadaye, jibu sahihi linahitaji kumbukumbu za vipimo kabla na baada. Palipokosekana kumbukumbu hizo panabaki simulizi ya mwongoza wageni, na simulizi, hata ikiwa tamu, haiwezi kusimamisha ukuta.

Wako pia wanaoniambia kwamba kupima hakuzuii mvua, fedha kidogo iliyopo iende kwenye bati. Hapa nakubaliana nao nusu. Paa linalovuja lizibwe leo, mfereji uliojaa majani uzibuliwe leo, mche ulioota kwenye ufa ukatwe kabla mizizi haijanenepa. Hizo ni kazi za huduma ya kwanza na hazihitaji kamati. Ninachokataa ni ile hatua inayofuata, pale huduma ya kwanza inapogeuka ukarabati mkubwa bila uchunguzi. Ujiji niliwahi kusimama mbele ya nyumba ya udongo ambayo wenyewe walikuwa wamejinyima ili kuipiga plasta ya saruji. Walikuwa na furaha, na nyumba ilipendeza. Nilipopita tena baada ya masika ya pili, plasta ilikuwa imeanguka vipande vikubwa vikubwa, na kila kipande kilikuwa kimebandua uso wa ukuta kama ngozi. Saruji ni ngumu na haipumui. Udongo unanywa maji na kuyatoa, unavimba na kunywea. Maji yakipenya nyuma ya plasta ngumu hayana pa kutokea, chumvi inaganda ndani, na ukuta unaoza ukiwa umevaa suti. Chokaa inaachia unyevu utoke, lakini inataka subira, kwa kuwa hukomaa polepole ikivuta hewa. Fundi aliyezoea saruji ya kukauka kesho anaiona ni uvivu. Uchunguzi wa siku chache ungeiambia familia ile wapake nini na wapi, kwa gharama ndogo kuliko mifuko waliyonunua.

Na tusidhani fedha nyingi inaondoa hitaji hili. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ipo ndani ya Mji Mkongwe ulio Urithi wa Dunia tangu 2000. Sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Sitaki kuitumia ajali ile kumhukumu yeyote. Nasema tu kwamba jina kubwa, mfadhili, na mafundi kuwepo kazini havikutosha kulishikilia jengo. Stesheni zetu na nyumba za Ujiji hazina hata kimoja kati ya hivyo.

Kazi yenyewe haitishi kiasi hicho. Watu wanne wenye futi kamba, timazi, pima maji na kifaa cha leza wanaweza kupima nyumba ya kawaida na kuichora kwa kipimo cha 1:50, kisha kwa mlango wa nakshi wachore kwa ukubwa wake halisi. Ufa una dawa yake ya uchunguzi isiyohitaji mtambo: bandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa jasi pande zote mbili, andika tarehe ukutani, rudi baada ya mvua. Kioo kikipasuka, ufa unatembea na msingi unahitaji kuangaliwa. Kikibaki kizima, huenda unachohitaji ni kuziba tu. Kwa Kigoma ningeongeza kimo cha kila jengo la mwambao kutoka usawa wa ziwa, maana tumeona katika miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika lilivyopanda na kuingia hadi Kibirizi. Na Tabora hatuna haja ya kuagiza wataalamu wa mbali kwa hatua hii ya mwanzo. Chuo cha Ardhi Tabora kipo hapa hapa mjini, kinafundisha vijana masuala ya ardhi na uchoraji ramani. Vijana hao hufanya mazoezi ya vitendo kila mwaka. Mazoezi hayo yakielekezwa mtaa mmoja kila msimu, chini ya makubaliano na halmashauri na Idara ya Mambo ya Kale, mji ungepata orodha yake bila bajeti ya kutisha.

Hapo ndipo mjadala wa reli mpya unapata maana yake. Fedha zitakuja na reli, viwanja vitapanda bei, na wawekezaji watataka majengo yenye sura. Atakayekuwa na michoro mezani ndiye atakayeweka masharti: tao hili haliguswi, ukuta huu unapakwa chokaa, sakafu hii ni ya Mbelgiji iacheni, hapa mnaweza kutoboa. Asiye na michoro atapelekewa michoro ya mwekezaji, na ataipigia muhuri kwa sababu hana nyingine ya kulinganisha nayo.

Kuna watu waliowahi kufanya jambo la namna hii Kigoma, nao walikuwa wanakimbia. Julai 1916 mafundi wa Kijerumani waliamriwa kuizamisha meli yao, ile tunayoiita Liemba. Kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake mafuta mazito ili maji yasiile. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kufanya kazi. Walikuwa na siku chache tu na adui njiani. Sisi, masika yakiisha Mei, tuna miezi mitano ya kiangazi mpaka Novemba. Kwa mwaka huu ningeanza na stesheni mbili, ya Tabora na ya Kigoma, na mtaa mmoja wa Ujiji wenye milango mingi, na mlango wa kwanza kupimwa uwe wa yule mjane.